Ribiti ya Sita

Punda walipita tena, na jiko lote likatikisika.

Tusekile alikuwa ameinama juu ya meza, brashi nyembamba mkononi, akipaka vanishi kwenye ukosi wa ngozi. Alishaupaka ukosi ule mara ambazo hataki hata kuzikumbuka. Kila vanishi ilipoanza kushika, punda wa chuma walipita uchochoroni na mizigo yao ya mawe, dari ikatema vumbi, na vumbi likatua pale pale palipo pabichi. Alifumba macho akavuta pumzi taratibu, kama anavyowafundisha wanafunzi wake wafanye wakitaka kupigana. Haikumsaidia. Wanafunzi nao walikwishamwambia kwamba haiwasaidii.

Asubuhi Mwalimu Tusekile Mwakibete alifundisha hesabu shule ya msingi. Jioni aligeuka fundi. Pale mtaani, chini ya mlima Loleza, wenye kwaya walikuwa na kwaya zao, na wanywaji wa pombe ya kimpumu walikuwa na kimpumu chao. Yeye alikuwa na Chama cha Mafundi Nakala. Hao ni watu wazima, wenye akili zao timamu, ambao majikoni na mabandani mwao hutengeneza mavazi na zana wanazoziona kwenye tamthilia, kisha mara moja kwa mwaka hukusanyika ukumbini kushindana nani kaiga vizuri kuliko mwenzake. Zawadi ni kikombe cha bati. Kwa kikombe hicho watu wamenuniana miaka.

Mwaka huu alikuwa anatengeneza koti la Mkadiriaji, afisa wa jiji anayesimamia ujenzi, kama linavyoonekana kwenye tamthilia ya *Kikosi cha Ukungu*. Aliisimamisha picha mara kwa mara mpaka macho yakamwuma, akihesabu mishono ya mkononi. Nyuzi za shaba alizifumua kwenye mota za feni zilizokufa. Kitambaa alikichemsha na majani ya chai na magome ya mkaratusi mpaka kikapata ile rangi ya ugoro. Ribiti za mabegani, vile vichwa vidogo vya shaba vinavyong'aa kama vitufe, alizikata kwenye sinia la marehemu mama yake, na siku ile alilia kidogo, kisha akaendelea kukata.

Jambo moja tu lilikuwa limemkera kwenye tamthilia. Bega la kushoto la koti lilikuwa na ribiti tatu, la kulia mbili. Alitazama vipindi vyote kuhakikisha. Tatu, mbili. Tatu, mbili.

"Uzembe," alisema peke yake. "Watu wana pesa, wana mitambo, wanashindwa kuhesabu mpaka tatu."

Mwalimu wa hesabu hawezi kuona tatu huku na mbili kule akapata usingizi. Akakata ribiti ya sita, akaigonga mahali pake, bega la kulia, na koti likakaa sawa.

Sasa alilivaa ili atazame urefu wa mikono. Alikuwa mbele ya kioo, ameridhika kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, punda waliporudi kuchukua mawe mengine. Meza ikaruka. Kopo la vanishi likapinduka, likamwagika juu ya michoro yake, juu ya kiti, juu ya kiatu.

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwisha. Alitoka mlangoni na koti lake mwilini, akasimama katikati ya uchochoro, akapiga kelele.

"Hebu komeni! Sitaki kuona punda anapita hapa tena! Rudini mlikotoka na mawe yenu!"

Punda wa mbele alisimama. Ni mashine kubwa kama kibanda cha kuku wengi, ina miguu sita na taa moja usoni. Kila siku, akikuta mtu njiani, husema kwa sauti ile ile ya upole: "Mama, tafadhali pisha njia." Safari hii hakusema hivyo. Taa yake iligeuka kutoka njano ikawa kijani. Akakunja magoti ya mbele.

"Naam," akasema.

Akageuka, na wenzake wakageuka nyuma yake. Tusekile hakulitilia maanani, kwa sababu alikuwa amekwisharudi ndani kuokoa michoro. Mtaa ukanyamaza. Wahenga walisema hasira hasara, lakini jioni ile yeye aliona ni faida tupu. Alipaka ukosi mara moja, ukakauka bila chembe ya vumbi.

*

Ukimya uliendelea. Aliufurahia, kisha ukaanza kumtia wasiwasi, maana mtaa wote ulijua punda wale hawakuwa wanapita kwa ajili ya matembezi. Mvua za mwaka uliopita ziliporomosha udongo wa mlima ukafukia majiko mawili na zizi. Ndipo Mamlaka ya Miteremko ikaanza kujenga ukuta wa mawe yaliyofungwa kwenye vikapu vya waya, mawe ambayo hakuna mwanadamu wa kuyanyanyua. Ukuta ulikuwa umefika karibu na mwisho. Pengo lililobaki lilikuwa moja, kama la jino lililong'olewa, na nyuma ya pengo lile ndipo ilipokuwa nyumba ya Mzee Mwasomola.

"Mwalimu, hawa punda wamegoma au wameoa?" Mzee Mwasomola alimwuliza wakikutana bombani. Alikuwa anateka maji mwenyewe kwa sababu mkewe, Bibi Tupoki, miguu ilikuwa imemkataa.

"Labda wako kwenye matengenezo, Mzee."

"Wote?" Alitazama juu ya Loleza, ambako mawingu yalikuwa yanajipanga. "Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, sisi ufa hatukuziba, na ukuta wenyewe hatujengi. Tutafanya nini sasa?"

"Si mngehamia kwa mwanenu kule Iyunga mvua zipite?"

"Nihame kwangu nikalale sebuleni kwa mkwe?" Mzee alicheka, akabeba ndoo yake. "Afadhali udongo. Udongo hauniulizi narudi lini nyumbani."

Tusekile naye alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Jumamosi alikuja Mwaisumo, mwenyekiti wa chama. Kwa kazi yake Mwaisumo alikuwa mtengenezaji wa meno ya bandia, na kwa hiyo hakuna nakala iliyompita. Ilikuwa desturi mwenyekiti akague kila kazi kabla ya maonyesho, kwa sababu chama kilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: kila nakala iwe na kilema. Mshono mmoja uliopinda, rangi iliyozidi kidogo, kitu cha kumwambia mwenye macho kwamba hii si yenyewe. Wapya walidhani ni unyenyekevu. Wakongwe walijua ni usalama.

Usalama wenyewe ulikuwa hivi. Zamani mashine za jiji zilimtii mtu kwa sura na sauti yake. Kisha wakaja waghushi. Ikawa mtu yeyote mwenye simu anaweza kuvaa sura ya Meya na kusema kwa sauti ya Meya, na asubuhi moja punda wakabeba vibanda vyote vya soko wakavitupa jaani, kwa amri ya Meya ambaye wakati huo alikuwa kitandani anakoroma. Baada ya aibu ile wakubwa wakaamua kwamba sura inaghushika, sauti inaghushika, lakini hakuna anayeweza kughushi kitambaa, nyuzi za shaba na ribiti zilizopimwa. Tangu hapo mashine hazimtazami mtu. Hutazama koti.

Mwaisumo aliliinua koti dirishani, akaweka lenzi yake jichoni.

"Ndaga, Mwalimu. Ndaga fijo, asante sana. Hii ni kazi." Alipapasa ukosi, akafuata mshono wa mkono wa kushoto, akaguna kwa raha. "Mwaka huu wengine tunakwenda kula maandazi tu. Kilema umekiweka wapi?"

"Ndani ya mfuko. Bitana nimeishona kwa uzi mwekundu."

"Ndani ya mfuko! Mwalimu una maringo." Kidole chake kilifika bega la kulia, kikasimama. Alihesabu. Akahesabu bega la pili, akarudi. "Hapa mbona tatu?"

"Walikosea. Kwenye tamthilia waliweka mbili, nikawarekebishia."

Mwaisumo alishusha koti polepole, kama mtu aliyeshika chungu na kugundua kwamba ni cha moto.

"Hawakukosea."

"Nimetazama vipindi vyote, Mwaisumo."

"Hawakukosea, Mwalimu! Sheria inawalazimisha. Koti la tamthilia ni koti halisi la mstaafu, wamepewa kwa masharti ribiti moja ing'olewe. Ribiti sita ndizo zinazolifanya koti kuwa koti. Zikiwa tano, punda anaona nguo. Zikiwa sita..." Alimgeukia Tusekile. "Umelivaa nje?"

Tusekile alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe uchochoroni, na lile neno "naam" alilolipuuza. Aliketi juu ya kiti chenye vanishi.

"Umewaambia nini?"

"Wasipite tena."

"Kwa muda gani?"

"Sikusema muda. Nilikuwa na hasira, mwenzangu, nani anapiga kelele akataja muda?"

Mwaisumo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Lichome. Leo hii. Kutoa amri ukiwa na koti la bandia ni jela, na haitaishia kwako. Wataingia kila jiko la mwanachama, watachukua kila mkasi. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo hii sasa."

"Na ukuta?"

"Ukuta una wenyewe."

"Wenyewe ni punda, na punda wananitii mimi." Sauti ilimpanda. "Nikilivaa tena nikawaambia warudi, kazi imekwisha. Neno moja tu."

"Mara ya kwanza ulikuwa hujui. Ukivaa tena unajua. Hayo ni makosa mawili, na la pili halina wakili." Alisimama mlangoni. "Nenda Mamlaka. Wao wana makoti ya kweli. Acha wa kweli wafute."

*

Alikwenda. Alikwenda tena. Mara ya kwanza mtandao ulikuwa chini. Mara ya pili alielekezwa dirisha ambalo kumbe hufunguliwa siku nyingine. Mara ya tatu alimpata msichana mwenye kucha ndefu za bluu, aliyekuwa na adabu nyingi na msaada kidogo.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Punda wa mtaani kwetu wameacha kujenga, na mvua ndiyo hiyo inakuja."

Msichana aligusa kioo chake. "Ni kweli, mama, wameacha. Ni amri ya Mkadiriaji."

"Mkadiriaji gani?"

"Mfumo hauandiki jina, unaandika koti. Koti limethibitishwa." Alisogea karibu na kioo, akainua nyusi. "Tena daraja la kwanza kabisa. Sijawahi kuona alama hizi."

Tusekile, Mungu amsamehe, alisikia raha kidogo kifuani kabla ya hofu kurudi.

"Sasa ile amri ni ya makosa. Ifuteni."

"Hatuwezi kufuta amri ya Mkadiriaji, mama. Aliyetoa ndiye anayefuta."

"Aliyetoa ni mimi."

Msichana alimtazama. Alimtazama kuanzia kitenge mpaka kandambili.

"Mama ni Mkadiriaji?"

"Mimi ni mwalimu. Koti nimelitengeneza mwenyewe jikoni kwangu. Nilitaka kushindania kikombe." Alipokuwa anasema aliyasikia maneno yake jinsi yanavyosikika. "Nyuzi nilizitoa kwenye feni."

"Kwenye feni."

"Mbovu."

Msichana aliuma mdomo ili asicheke, na Tusekile alitamani acheke tu yaishe. "Mama yangu, lile koti linafumwa mahali pamoja tu, chini ya ulinzi. Wataalamu walijaribu kuliiga wakashindwa. Jikoni!" Akalainisha sauti. "Najua mna hofu na mvua. Lakini tusiseme hivyo, tutaonekana tuna utani na Mamlaka. Nitaomba mletewe Mkadiriaji. Akipatikana."

Tusekile alitoka akiwa na hasira mbili zinazogombana. Moja ilitaka ukuta. Nyingine, na hii aliionea haya njia nzima, ilitaka kurudi dirishani na kumwonyesha yule binti mishono ya mkono wa kushoto.

Usiku huo huo alilikunja koti, akalipeleka nyuma ya nyumba, akalimwagia mafuta ya taa. Kiberiti alikuwa nacho. Alisimama nacho mpaka akasikia Bibi Tupoki akikohoa juu kule, nyumba ya mwisho, nyuma ya pengo. Akalirudisha koti ndani, akalianika lisinuke.

*

Mkadiriaji alipatikana siku mvua ilipoanza.

Aliitwa Bwana Kaisi, mwanamume mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Tusekile alipoliona koti lake alisahau hofu yake kwa kitambo. Lilikuwa limechakaa. Ribiti zilikuwepo zote sita, lakini mbili zilikuwa zinacheza, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika viwikoni, na mkono mmoja ulikuwa umetiwa kiraka na mtu asiyejua kushona. Hili ndilo lililokuwa linaamuru mawe na madaraja?

Majirani walikusanyika chini ya mabati. Bwana Kaisi aliwaita punda, nao wakaja mpaka mwanzo wa uchochoro na mizigo yao, wakasimama pale kama waliopigiwa mstari.

"Ingieni. Malizeni ukuta."

Taa ya punda wa mbele iliwaka njano, ikabaki njano. "Naam, Mkadiriaji. Ipo amri ya kutopita hapa. Imetoka kwenye koti lisilo na kasoro. Koti lako lina kasoro. Makoti yakipingana, tunashika lililo kamili."

"Mimi ndiye Mkadiriaji wa mteremko huu!"

"Naam. Koti lako lina kasoro."

Mtu mmoja alicheka chini ya mabati, akanyamazishwa. Bwana Kaisi alirudia amri kwa sauti kubwa, halafu kwa sauti kubwa zaidi, maji yakimtiririka usoni. Punda alijibu kwa upole ule ule. Juu kule, kipande cha udongo kilijitenga na mlima, kikateleza ndani ya pengo, kikaishia kwenye ukuta wa jiko la Mzee Mwasomola. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kinapima njia.

"Mzee, tokeni!" watu waliita.

Mzee Mwasomola alionekana mlangoni. "Nimtoe vipi huyu peke yangu? Kitanda hakipiti, na kumbeba hataki, anasema atakufa anakoishi! Leteni hao punda wenu!"

Tusekile alimtazama Mwaisumo, aliyekuwa amekuja kushuhudia, naye Mwaisumo akatikisa kichwa: usithubutu. Aliwafikiria wanachama wote na majiko yao. Aliwafikiria wanafunzi wake wakiambiwa mwalimu wao yuko wapi. Alitaka kulia kwa ghadhabu, maana alikuwa ameifuata njia iliyonyooka, madirisha yote, na njia iliyonyooka ilikuwa imesimama mbele yake imelowa, inabishana na punda.

Akaingia ndani. Akatoka amevaa koti.

Taa zote za punda zikawa kijani kwa mpigo. Magoti ya mbele yakakunjwa, safu nzima, kwenye tope.

"Naam, Mkadiriaji. Tunasikiliza amri yako."

Safari hii hakupiga kelele. Alisema kama anavyowaandikia watoto swali ubaoni, asiache nafasi ya mtu kuelewa vibaya. "Ile amri ya kutopita nimeifuta. Pandeni sasa, zibeni pengo, mmalize ukuta. Mmoja atangulie, amshushe Bibi Tupoki na kitanda chake, taratibu."

"Naam."

Punda mmoja aliondoka mbio. Wengine walianza kujipanga, na hapo ndipo mtaa ulipopata sauti.

"Mwalimu, waambie na barabara yetu!"

"Na bomba! Kila siku bomba linapelekwa kwa wakubwa!"

"Waambie wabomoe lile geti la ushuru!"

Maombi yalikuwa ya haki, karibu yote. Hilo ndilo lililomtisha. Alijikuta tayari anapanga, bomba kwanza, kisha barabara, na shule ina darasa lisilo na paa. Punda wa mbele alikuwa bado amepiga magoti.

"Kuna amri nyingine, Mkadiriaji?"

Bwana Kaisi alikuwa amemsogelea. Hakuwa na hasira tena, na uso wake mpya ulikuwa mbaya kuliko ule wa hasira. Alikuwa anatazama mishono ya mkono wa kushoto, na aliielewa. Alikuwa mtu wa kwanza kuitazama hivyo nje ya chama.

"Umeshona wewe?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Mimi hili nimeomba wanibadilishie mpaka nimechoka kuomba. Wananiambia nisubiri." Alisogea karibu zaidi. "Mwalimu, sikiliza. Mimi sikuona kitu leo. Wewe hukuvaa kitu. Nipe tu hilo koti. Nikiwa nalo hakuna Mkadiriaji jiji hili, hata mkubwa wangu, atakayetoa amri ikapita yangu. Nitafanya kazi. Haki ya Mungu nitafanya kazi vizuri. Hiyo barabara yenu utaiona."

Na pengine alikuwa anasema kweli. Tusekile alimwona kuwa mtu mzuri aliyechoka, na akajiona na yeye hivyo hivyo, mtu mzuri aliyechoka, amesimama mlangoni na hasira zake, anasema neno moja bila kutaja muda.

"Kuna amri nyingine?" punda aliuliza.

"Ipo moja," alisema Tusekile. "Ukuta ukiisha, mtawatii Bwana Kaisi na wenzake kama mlivyokuwa mkiwatii kabla yangu. Yangu yote yaishie hapo."

"Naam."

Kisha akatia mkono mfukoni, kwenye bitana ya uzi mwekundu, akatoa koleo dogo la kubania ribiti. Bwana Kaisi alielewa akapiga kelele, "Usi—!" lakini fundi anaijua ribiti yake. Aliibana, akaizungusha, akaivuta. Ilitoka na kipande cha kitambaa, na kile kitambaa kilipochanika yeye ndiye aliyeumia. Akairusha ribiti ndani ya kikapu cha mawe mgongoni mwa punda, ikalia mara moja kati ya mawe, ikapotea.

Mtaa ulimtazama kana kwamba amemwaga chakula cha msibani. "Mwalimu, na bomba je?" mama mmoja aliuliza, karibu analia.

"Unajua ulichokiharibu?" Bwana Kaisi alisema.

"Najua kuliko wewe. Kesho nitakuja ofisini kwenu na hili koti, nieleze yote. Wanifanye watakavyo."

Bwana Kaisi alitoa kicheko kisicho na furaha. "Ukiwa na ribiti tano? Utamwambia nani? Yule binti wa dirishani?" Akainua kola ya koti lake lililolowa, akaanza kushuka. "Na mimi nitamwambia nani kwamba punda walinikataa?"

Mwaisumo alikuja akasimama kando yake. Aliweka lenzi jichoni kwa mazoea, akalitazama bega la kulia: ribiti mbili na tundu.

"Sasa limekuwa kama la kwenye tamthilia," alisema polepole. "Majaji hawatapata pa kupunguza alama."

"Nyamaza, Mwaisumo. Tafadhali."

Juu, Bibi Tupoki alikuwa anateremshwa na kitanda chake, akimgombeza punda kwamba anamtikisa, na Mzee Mwasomola nyuma yao ameshika mwavuli. Kikapu cha kwanza kilikuwa kinaingia kwenye pengo. Tusekile alibaki katikati ya uchochoro na koti lake, kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, ambayo hataweza kumthibitishia mtu. Hakuona kwamba safu imemfikia.

Punda wa mbele alisimama mbele yake. Taa ikamtazama, kijani ikafifia, ikawa njano.

"Mama," akasema kwa upole wake wa siku zote, "tafadhali pisha njia."

Akapisha.